Firigisi ya Mwenyekiti

Kiilu, jirani yetu wa nyumba ya kona, husimulia hivi. Anasema watu wa kaunti walikuwa wanapita zao tu siku ile, wakienda kwa shughuli nyingine, upepo ukaja, ukang'oa shuka moja kwenye kamba za nguo za Namalwa na kulibandika kwenye kioo cha gari lao. Dereva akafunga breki. Wakashuka kulitoa, wakachungulia ndani ya geti, wakaona mashine na wafanyakazi, na hapo ndipo mambo ya Namalwa yakaharibika. "Ni shuka ndio ilimchoma," Kiilu husema, yaani ndilo lililomsaliti, na watu hucheka.

Mimi nilikuwepo. Siku ile hakukuwa na upepo, na kamba zilikuwa tupu: mashuka makavu yote yalikuwa ndani yakingoja pasi, na pasi ilikuwa mkononi mwangu. Simwiti Kiilu mwongo. Anarudia alichoambiwa, na aliyemwambia alikuwa na sababu zake. Ndugu zangu mnaoishi kwenye mitaa kama yetu, nimeona niwaeleze yalivyokuwa, kwa sababu wengi wenu mnapika, mnashona, mnasuka na kufua nyumbani kwenu, na mnadhani jirani akicheka nanyi basi mko salama.

Nyumba ya Namalwa na mumewe Zedekiah iko nyuma ya Adams Arcade, hapa Nairobi, kwenye barabara fupi inayoishia ukutani. Ni nyumba ya mawe ya zamani, yenye ua mpana nyuma unaopata jua tangu asubuhi. Zedekiah alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, mpaka kiharusi kilipomwangusha akiwa kazini. Upande wake wa kulia ukalala. Wakati huo Namalwa alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli. Akaacha kazi ili amtunze, na kwa kuwa kufua ndiyo kazi aliyoijua, akaanza kufua mashuka ya nyumba za wageni za kule Karen. Baadaye wa Kitisuru nao wakaleta. Akaniajiri mimi nipige pasi.

Kazi ile ilikuwa na neema moja ambayo hakuna mwajiri angempa. Mashine ikizunguka, Namalwa aliingia chumbani, akamgeuza mumewe, akamnywesha uji, akarudi kabla mashine haijasimama. Alasiri tulimtoa Zedekiah uani kwa kiti chake cha magurudumu na kumwekea foronya mapajani. Alizikunja kwa mkono wa kushoto, polepole, akizibana kwa kidevu.

"Awuor," ananiita, maneno yakimtoka mazito, "angalia hii. Hata hoteli hawakunji hivi."

"Mzee, utaninyang'anya kazi yangu."

"Nishakunyang'anya. Tafuta ingine."

Na Namalwa anacheka kule kwenye kamba, pini za nguo zikiwa mdomoni. Ilikuwa nyumba ya namna hiyo. Mtu mgonjwa hakuachwa peke yake hata kidogo, na kilichoshikilia yote hayo ni kazi kuwa pale pale nyumbani.

Kazi ilipokua, maji ya sabuni yalianza kutoka chini ya geti na kushuka barabarani. Geti linalofuata ni la Bi Saleha, mjane kutoka Lamu, anayeishi na mwanawe Munir mwenye duka la vitambaa mjini. Siku moja alikuja mwenyewe, buibui ameliinua lisilowe.

"Namalwa mwanangu, mimi sipendi kusema pembeni, nakwambia wewe. Maji yako yapita mlangoni kwangu, juzi niliteleza, kidogo nivunje kiuno. Na hizi gari za mashuka zikisimama hapa, Munir hana pa kutokea. Umekwenda kaunti ukauliza kama kazi hii yaruhusiwa hapa?"

Namalwa alimwitikia kwa heshima, lakini alipoondoka uso ulimwiva. "Huyo mama ana wivu," aliniambia. Mimi nilirudi kwenye pasi. Niliyaona yale maji kila siku, na yalikuwa mengi kweli.

Hata hivyo neno la kaunti lilimkaa rohoni, akaenda kumuuliza Bramwel. Bramwel ndiye mwenyekiti wa chama cha wakazi wa barabara yetu, na nyumba yake inapakana na ua wa Namalwa kwa nyuma. Kwao ni upande wa Kimilili, alikotoka Zedekiah, na kanisa lao moja. Kila alipokuja kumwona mgonjwa alimshika ule mkono uliolala na kumwita ndugu.

"Kaunti?" Bramwel alicheka. "Mama, ukienda huko utazungushwa mpaka soli ya kiatu iishe. Hii mtaa ni yetu. Sisi ndio tunajua nani anasumbua nani. Ita majirani, wakule, waseme ndio mbele yangu. Nikisema imepita, imepita."

Namalwa alirudi amefurahi, kwa maana lile ni jambo alilolielewa. Mimi si wa kwao, lakini kwa kukaa nao nililiona. Kwao, neno kubwa huwekwa mezani pamoja na kuku. Na ndani ya kuku kuna firigisi, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Watoto hawaigusi, mama haigusi. Mwenye nyumba akimpa mgeni firigisi yake, amemwambia leo nyumba hii ni yako kama ilivyo yangu. Anayeila hawezi kugeuka kesho akaisema nyumba ile vibaya.

Basi majirani wakaitwa Jumapili baada ya kanisa. Namalwa alimwomba Munir aje asubuhi na kisu chake achinje majogoo yeye, ili mama yake naye aweze kula. Hakuna aliyemkumbusha. Pamoja na kinyongo chote alichokuwa nacho, hakutaka jirani akae mezani kwake na sahani tupu.

Walikuja wote. Kiilu alileta soda. Ugali ulipakuliwa, mboga, kuku wa mchuzi, na firigisi ikawekwa kwenye kisahani chake mbele ya Zedekiah. Alikitazama kile kisahani. Kisha kwa mkono wa kushoto akakisukuma juu ya meza, taratibu, mpaka kikagusa sahani ya Bramwel.

Bramwel akakirudisha kidogo. "Ndugu, hii ni yako."

"Leo ni yako," Zedekiah akasema.

Bramwel akaila. Aliitafuna bila haraka, akafuta vidole, akasimama. "Majirani, mama yetu anafua, anatunza mgonjwa, hasumbui mtu. Nani ako na neno?"

"Mimi neno langu ni moja tu," Kiilu akasema. "Hiyo shingo inaenda kwa nani?"

Tulicheka sana. Kicheko kilipotulia, Bi Saleha akaweka glasi yake chini. "Mimi nimekula na nimeshukuru, Mungu awaongeze. Lakini neno ninalo. Maji yangali yapita kwangu. Na ruhusa ya kazi kama hii haitoki mezani, yatoka kaunti."

"Mama Munir, leo ni siku ya furaha," Bramwel akamwambia.

"Furaha haikaushi maji, Mwenyekiti."

"Imepita," Bramwel akasema, na watu wakapiga makofi. Jioni ile sote tulimwona Bi Saleha kuwa mtu mbaya. Kula kuku wa mtu, na mwanawe ndiye aliyemchinja, halafu useme hivyo. Namalwa alianza kumsalimia kwa mbali.

Kwa kuamini neno lile, Namalwa akaleta mashine nyingine kubwa, akaajiri mama mwingine wa kuanika. Msomaji, hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Alikuwa ameambiwa ukweli na mtu mmoja na kusifiwa na wote waliobaki. Wewe ungemsikiliza nani?

Watu wa kaunti hawakuwa wanapita. Gari lao lilikuja moja kwa moja hadi getini, na dereva hakuuliza njia. Aliyeshuka mbele ni afisa aitwaye Masila, mtu mpole wa sauti ndogo, na askari wa kaunti wakamfuata.

"Mama, habari ya mchana. Naomba kuona kibali cha kubadilisha matumizi."

"Kubadilisha nini?"

"Kiwanja hiki kimewekwa kuwa cha kuishi. Ukifua nguo zako na za jirani mmoja wawili, hiyo ni nyumba. Ukiweka mashine kubwa, wafanyakazi na magari ya kuleta na kuchukua, umekigeuza kuwa cha biashara. Unaomba kwanza, ukipewa ndio unaanza."

"Lakini majirani wote walikubali," Namalwa akasema.

"Walikubalia wapi?"

"Hapa. Walikula."

Masila aliwatazama askari wake, na nashukuru kwamba hakucheka. "Mama, sikatai walikula. Lakini mimi siwezi kuandika ofisini kwamba watu walikula. Ungekuja mapema tungekuambia masharti, maji yaende wapi, magari yasimame wapi, watu wangapi wafanye kazi. Pengine ungepata. Sasa inabidi nisimamishe."

Mashine zikazimwa mashuka yakiwa bado ndani ya maji. Sijawahi kusikia ua ule umenyamaza vile. Zedekiah akaita kutoka chumbani, "Stima imepotea?" Nilijibu mimi, nikasema ndiyo, Mzee, imepotea.

Namalwa alikimbia kwa Bramwel na viatu vya kufulia miguuni. Bramwel akashangaa, akapiga ulimi, akasema kaunti hawana huruma. Akamwambia apeleke maombi, atundike bango getini kama inavyotakiwa, na siku maafisa watakapokuja kuwasikiliza majirani asiwe na wasiwasi. "Mimi nitasimama," akamwambia.

Namalwa akafanya yote. Alichimbisha shimo la maji taka uani, sabuni ikakoma kutoka barabarani. Kwa mashuka machache tuliyofua kwa mikono tukingoja jibu, akawaambia wenye magari waegeshe kule Arcade, tukawa tunabeba mabunda wenyewe. Bango likatundikwa getini, likisema nyumba inaombewa kuwa mahali pa kufulia. Wapita njia walilisoma, na Bramwel naye nilimwona akilisoma, mikono nyuma.

Siku ikafika. Tulipanga viti uani. Zedekiah alitaka kuvaa tai, Namalwa akamfunga. Masila akaeleza ombi, kisha akauliza, "Kuna anayepinga?"

Bramwel akasimama.

Mwanzoni nilidhani ameinuka kututetea, na Namalwa alidhani hivyo pia, kwa kuwa alimtabasamia. "Afisa," Bramwel akasema, sasa akitumia Kiswahili kilichonyooka cha mikutano, "mimi ndiye niliyetoa taarifa mara ya kwanza, na ndiye ninayepinga leo kwa niaba ya wakazi. Hii ni barabara ya watu kuishi. Tukiruhusu dobi leo, kesho ni karakana, keshokutwa ni baa."

Namalwa alisimama, tabasamu likiwa bado halijamtoka usoni. "Chairman, si ulikula firigisi?"

"Samahani," Masila akauliza, "firigisi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Bramwel naye akacheka kidogo, kama mtu anayemwonea haya mwingine. "Afisa, chakula ni ujirani na sheria ni sheria. Hatuwezi kuendesha mtaa kwa kuku."

Wakacheka zaidi. Na sisemi alidanganya. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yaliuma. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba mtaa hauendeshwi kwa kuku, akamtuma mwenzake akachinje.

Bi Saleha akainua mkono. "Mimi ndiye niliyelalamikia maji, tena mbele ya wote. Sasa hayaji, gari hazisimami. Mimi sina pingamizi. Apewe."

"Mwingine?" Masila akauliza. Kiilu akatazama viatu vyake. "Mimi niko na Chairman," akasema. Wengine nao hawakuinua mikono wala vichwa.

Ndipo Zedekiah akasema. Ilimchukua muda kulipata neno, na watu wote wakangoja. "Bramwel. Ulitafuna nikikuangalia."

Bramwel akakaa chini, akapangusa goti la suruali, na kikao kikafungwa. Baadaye ombi likakataliwa.

Namalwa alikodi chumba Kawangware akahamishia mashine huko. Kazi haikufa. Kilichokufa ni ile nyumba. Tuliondoka mapema na kurudi jioni, na Zedekiah akawa anabaki na msichana wa kutwa aliyekuwa na simu yake na mambo yake. Siku moja msichana alipotoka dukani, Zedekiah akataka kuifikia foronya iliyokuwa kitandani, akaanguka na kiti. Bi Saleha ndiye aliyesikia kupitia ukutani akiita. Alimkuta sakafuni, akamwekea mto chini ya kichwa, akakaa naye chini hapo hapo mpaka Munir alipokuja kusaidia kumwinua.

Kaka zake Zedekiah wakaja kutoka Kimilili. Hawakugomba. "Shemeji, unajitahidi, tunaona," mkubwa wao akasema. "Lakini huyu anataka mtu wa kukaa naye." Namalwa mwenyewe ndiye aliyekuwa mtu huyo, na sasa hakuwa na namna. Walimpakia garini akiwa na foronya moja mapajani, ameikunja vizuri. "Awuor," akaniambia dirishani, "kazi yako nakurudishia." Namalwa humwona anapopata nafasi ya kusafiri. Kila akirudi husema mumewe anaongea kidogo kuliko mara iliyopita.

Haukupita muda mrefu, tukaona bango jingine, sasa kwenye geti la Bramwel. Nililisoma mara mbili. Bramwel anaomba nyumba yake ya kuishi igeuzwe kuwa nyumba ya wageni. Basi tukaelewa kwa nini ua wa Namalwa, ulio nyuma ya nyumba yake, ulitakiwa kuwa kimya, bila mashine kunguruma wala kamba za mashuka ya watu mbele ya madirisha ya wageni wake. Tukaelewa pia kwa nini alimzuia asiende kaunti: asiye na kibali ni rahisi kumfungia kazi. Lile jambo la shuka na upepo lilikuwa lake pia. Alimpa Kiilu kabla ya kikao, Kiilu akatupa sisi, na mpaka leo analirudia kwa kuwa linachekesha.

Lakini sheria haikumpendelea. Majirani watasikilizwa kwake kama walivyosikilizwa kwetu, na jirani anayepakana naye ni Namalwa.

Bramwel alikuja Jumamosi, tulipokuwa uani kwa Namalwa tukipanga mashuka safi kutoka Kawangware ya kupeleka Kitisuru. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba.

"Hodi, mama. Habari ya ndugu yangu huko nyumbani?"

"Yuko," Namalwa akasema.

Bramwel akamweka jogoo chini. "Yale mambo yalikuwa ya kiti, mama. Nilisema kama mwenyekiti, si kama mimi. Leo nimekuja kama mtu wa kwenu. Kaunti wanakuja kusikiza majirani. Kiilu amekubali, wengine wamekubali. Umebaki wewe. Utaniambia ndio?"

Namalwa alichukua ncha mbili za shuka, nami nikashika mbili za upande wangu. Tukalivuta, tukalikunja, tukasogeleana, akachukua kunjo langu mkononi. Akachukua shuka la pili. Bramwel alingoja. Tulipofika la tatu, aliangalia jogoo, akaangalia geti, akaondoka.

Funzo la hadithi hii

Ndugu msomaji, ukitaka kufanya biashara nyumbani kwako, kaulize kaunti kabla hujanunua mashine, hata kama njia ni ndefu na soli zitaisha. Ujirani ni kitu kizuri na kula pamoja ni kitu kizuri, lakini kukubali kwa jirani si kibali. Tena anayekuambia usiende kuuliza, mtazame vizuri, ujue yeye anangoja nini. Na yule anayekuja mlangoni kukuambia kosa lako usoni, usimwite mwenye wivu. Sisi tulimpa firigisi mtu wa maneno matamu, na Bi Saleha tukamsalimia kwa mbali. Jambo la mwisho, tusiokuwa wabaya tujihadhari na kutazama viatu. Nyumba ya Namalwa haikuvunjwa na Bramwel peke yake. Wale waliokula na wasiinue mkono walisaidia.

Bramwel ametuma mtu mara nyingine kuuliza kama Mama ameamua. Jogoo bado yuko hapa, amefungwa kwenye nguzo ya kamba za nguo. Tunampa mahindi na maji. Namalwa hajasema achinjwe, wala hajasema arudishwe.